Propela Iliyolika: Kazi na Maneno ya Mafundi wa Magari katika Shinyanga na Geita

Neno propela lina maana mbili katika nchi iliyo kusini mwa Ziwa Viktoria, na mwenye kutunga kamusi hana budi kuzitenga. Kwa wavuvi wa mwambao wa Geita, propela ni chuma chenye mapanga kizungukacho majini nyuma ya mashua yenye mashine, yaani kitu kile ambacho watu wa pwani tangu zamani hukiita rafadha. Kwa mafundi wa magari wa Shinyanga, Kahama na Geita, propela haina mapanga, wala haigusi maji ila gari livukapo mto. Ni bomba la chuma, mara nyingi fupi kuliko kimo cha mtu, lililolazwa chini ya gari, nalo hupeleka nguvu kutoka giaboksi hata difu, ili magurudumu yazunguke. Jina lake kamili ni propela shafti, lakini neno la pili huachwa katika mazungumzo. Jina hilo lilitoka kwenye meli: huko shafti ndiyo iizungushayo propela. Kwenye gari shafti ilibaki na jina lake, na propela yenyewe haikuwapo. Nasi katika Kiswahili tukalishika jina la kitu kisichokuwapo, tukaliacha la kile kilichopo. Mambo ya namna hii si mageni kwa msomaji wa jarida hili.

Nimekusudia katika makala haya kueleza jinsi propela inavyolika, jinsi inavyotengenezwa au kubadilishwa, na maneno yanayotumika katika kazi hiyo. Naona haifai kuyatenga mambo haya. Orodha za maneno ya ufundi tulizo nazo nyingi zilitungwa mezani, na msomaji azipitiapo huona jina la kila chuma asijue chuma hicho kinafanya nini, wala kinaharibika namna gani. Na neno la kuharibika ndilo fundi alitumialo mara nyingi zaidi kuliko jina la chuma.

Magari yanayohusika hapa ni yale yaendeshwayo na magurudumu yote manne. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948 huko Amsterdam, na baada ya muda si mrefu ikaenea katika Tanganyika. Baadaye Toyota Land Cruiser ikaipokonya nafasi. Watu hawakutosheka na majina ya viwandani. Land Cruiser yenye bomba la kuvutia hewa lililopanda ubavuni hata kimo cha paa huitwa mkonga, kwa kuwa yafanana na tembo avukaye mto akiwa ameinua pua. Na ile ya fahari, ipandwayo na wakubwa, huitwa shangingi, neno lililokuwa kwanza la mwanamke mjanja apendaye anasa. Mkonga ndilo gari la machimbo. Hulikuta Mwadui, ambako John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada, alipata almasi mwaka 1940. Hulikuta Bulyanhulu, ambako mgodi mkubwa ulianza kutoa dhahabu mwaka 2001. Na hulikuta Geita, ambako mgodi wa zamani ulifungwa mwaka 1966 na mgodi mkubwa wa siku hizi ukafunguliwa mwaka 2000. Mkoa wa Geita wenyewe ulianzishwa mwaka 2012, nao ulikatwa katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera. Kwa hiyo fundi mzee wa Geita huenda akawa alijifunza kazi yake katika mkoa mwingine bila kuhama nyumba. Mbali na migodi mikubwa wako wachimbaji wadogo, kama wale wa Nyarugusu na Rwamagasa, wenye maduara yao na makarasha yao ya kusagia mawe, na magari yao ni yale ambayo wengine wamekwisha kuyachoka.

Ardhi ya nchi hiyo ina sehemu kubwa katika habari hii. Wasukuma hutofautisha udongo kwa majina ambayo wataalamu wa kilimo waliyakubali na kuyaandika. Luseni ni mchanga wa miinukoni, karibu na majabali; itogolo ni udongo mgumu wa mteremko usiopitisha maji upesi; na mbuga ni udongo mweusi, mzito, wa mabondeni, upasukao nyufa wakati wa kiangazi na kuwa kama ulimbo wakati wa masika. Neno hili la tatu lastahili kuangaliwa. Katika Kiswahili cha leo mbuga ni uwanda mpana, na zaidi ya hayo ni mahali walipohifadhiwa wanyama; lakini dereva wa Shinyanga asemapo ya kwamba alilala mbugani, hakulala pamoja na simba. Alikwama katika udongo mweusi.

Kila udongo hula propela kwa njia yake. Vumbi la luseni huingia polepole penye mipira ya kuzuia grisi, likachanganyika nayo, na grisi iliyochanganyika na mchanga si grisi tena. Ni kama msasa. Mbuga huharibu kwa namna nyingine. Dereva aliyekwama huingiza gia ya nguvu, na gia hiyo huzidisha maradufu nguvu ya kusokota propela. Magurudumu huzunguka bure katika tope, kisha ghafula hushika mahali pagumu. Na mshtuko ule wote hupita katika vipande vidogo vya chuma ambavyo nitavieleza sasa.

Propela haiwezi kuwa chuma kimoja kilichofungwa imara pande zote mbili. Giaboksi imefungwa kwenye chesesi, haisogei. Difu imefungwa kwenye ekseli, nayo hupanda na kushuka juu ya springi kila gurudumu lipitapo shimo. Kwa hiyo propela yahitaji mambo mawili: kupinda huku inazunguka, na kurefuka huku inazunguka. Jambo la pili latimizwa na meno marefu ya chuma yaliyochongwa kwa urefu wa shafti, yaitwayo splaini, ambayo huteleza ndani ya mfuko wenye meno ya kupokea. Jambo la kwanza latimizwa na krosi.

Krosi ni chuma chenye umbo la msalaba, chenye mikono minne. Mikono miwili imeshikwa na uma wa upande huu, na miwili imeshikwa na uma wa upande ule. Kwa neno uma nakusudia kile kichwa cha shafti chenye meno mawili, ambacho mafundi wengi hukiita yoki. Kila mkono wa krosi umevikwa kikombe cha chuma kigumu, na ndani ya kikombe zimepangwa sindano nyembamba za chuma, zikiuzunguka mkono ule kama miti ya boma. Hizo sindano ndizo beringi. Wazo la kiungo hiki ni la zamani sana kuliko motakaa. Wafaransa na Wajerumani hukiita kwa jina la Gerolamo Cardano, mwanachuoni wa Italia wa karne ya 16. Robert Hooke wa Uingereza alikieleza katika karne ya 17 alipokuwa akishughulika na vyombo vya kutazamia jua. Na mwaka 1903 Clarence Spicer, Mmarekani, alipata hataza ya kukitumia kwenye motakaa. Kiswahili hakikumkumbuka hata mmoja wao. Kiliuangalia msalaba kikauita krosi, na kwa maoni yangu kilifanya vema, maana jina hilo humwonyesha mwanafunzi umbo la kitu kabla hajakishika.

Yako mambo ya kushangaza katika kiungo hiki, na asiyeyajua ataiharibu propela nzima huku akidhani anaitengeneza. Shafti mbili zilizounganishwa kwa krosi moja, zikiwa zimepinda, hazizunguki kwa mwendo ulio sawa. Ile ya kwanza huzunguka sawasawa. Ile ya pili hukimbia na kupunguza, hukimbia na kupunguza, mara mbili kwa kila mzunguko. Pembe ikiwa digrii 20, mwendo wa shafti ya pili hushuka hata 94 kwa kila 100 ya ile ya kwanza, kisha hupanda hata 106. Dawa yake ni kuweka krosi ya pili upande wa pili wa propela, ili kosa la kwanza lifutwe na kosa la pili. Lakini krosi ya pili hulifuta kosa hilo pale tu ambapo uma mbili zilizo kwenye propela yenyewe, ule wa mbele na ule wa nyuma, zimelala katika usawa mmoja. Mtu akiichomoa ile sehemu ya kuteleza, kisha akairudisha jino moja au mawili kando, makosa hayafutani vema tena. Yakikaa kwa robo ya mzunguko, huongezana. Gari litatetemeka, na mwenye gari atanunua krosi mpya bure.

Sasa nifike kwenye maneno ya kuharibika, ambayo ndiyo utajiri wa lugha ya gereji. Neno la vitabuni ni kuchakaa, nalo si baya; lakini huchakaa nguo, huchakaa nyumba, na huchakaa gari zima. Fundi aambiwaye kwamba propela imechakaa hajaambiwa kitu. Yeye husema splaini zimelika. Kulika ni kupungua kwa kusuguliwa, kama sabuni ilikavyo mkononi na kama jiwe la kunolea lilikavyo katikati. Wanasarufi wataona ya kwamba kiambishi -ik- hapa hakina maana ya kuwezekana, kama katika maneno nyama hii yalika, bali chaonyesha hali iliyofikiwa pasipo kutaja mtenda. Tukisema splaini zimeliwa, msikilizaji atauliza zimeliwa na nani. Tukisema zimelika, haulizi. Kamusi nyingi hueleza maana ya kwanza kwa urefu na ya pili kwa ufupi, na katika karakana mambo ni kinyume chake.

Neno la pili ni kucheza. Krosi inacheza, yaani mikono yake imepata nafasi ndani ya vikombe. Na nafasi yenyewe huitwa mchezo. Wajerumani nao huiita nafasi hiyo Spiel, na Wafaransa jeu, maneno ambayo katika lugha zao ni mchezo vilevile, na Waingereza hufanya hivyo hivyo. Je, Kiswahili kimetafsiri, au kimeona jambo lile lile kwa macho yake? Yaelekea kwamba mafundi wa kwanza walilisikia neno kwa mabwana zao. Lakini Kiswahili kilikuwa tayari kusema jino linacheza, na hapo hakuna aliyetufundisha. Mimi naona kwamba tafsiri ilikuta njia imekwisha kukanyagwa.

La tatu ni kufa. Krosi imekufa haina maana kwamba imevunjika. Krosi iliyovunjika husemwa imekatika. Iliyokufa bado inazunguka, na gari bado linakwenda, lakini haifai kutiwa grisi tena, wala haina siku nyingi. Tofauti hii ni ya kufa na kupona kwa maana halisi. Dereva aandikaye katika kitabu cha safari ya kwamba krosi imekufa ameeleza hatari. Na mkubwa wa karakana aliyezoea lugha ya ofisini, akisoma, aweza kudhani kwamba gari halitembei na kwa hiyo hakuna haraka. Propela ya mbele ikikatika upande wake wa mbele, ncha yake huanguka chini, ikachoma ardhi kama mkuki, na gari lililo katika mwendo laweza kuinuliwa juu yake. Ikikatika ya nyuma, hupigapiga chini ya sakafu, ikaweza kukata mabomba ya breki.

Propela hutoa habari zake kabla ya kufika huko, na habari hizo zina majina. Kwanza hulia. Sauti yake ni kama ya kifaranga, nyembamba, yafuata mzunguko, nayo husikika gari likienda polepole karibu na ukuta. Maana yake sindano zimekauka. Fundi akifungua wakati huu huenda akaponea kwa grisi tu. Baadaye hugonga: dereva akiingiza gia, au akiondoa mguu kwenye mafuta kisha akaurudisha, husikia ko moja chini yake. Mwisho hutetemeka. Mtetemeko wa propela hutofautiana na ule wa magurudumu ya mbele yasiyo na mizani. Huu husikika kwenye usukani, na ule husikika kwenye sakafu na kitini. Si ajabu utetemeke, tukifanya hesabu kidogo. Tairi lenye mzingo wa mita 2.5, gari likienda kilometa 80 kwa saa, huzunguka karibu mara 9 kwa sekunde. Ikiwa difu ina uwiano wa 4.1 kwa 1, propela huzunguka karibu mara 36 katika sekunde hiyo moja. Kwa mwendo huo hata tope la mbuga lililokauka upande mmoja wa bomba huhesabika kuwa mzigo, na wako waliobadili krosi mahali ambapo ndoo ya maji ingetosha.

Lakini kugonga hakutoki kwenye krosi peke yake. Difu nayo ina mchezo wake kati ya meno. Ili kupambanua, fundi huizuia gari kwa mawe, huweka gia huru, hulala chini, akashika uma wa upande mmoja wa krosi kwa mkono huu na uma wa upande mwingine kwa mkono ule, akausokota mmoja kinyume cha wa pili. Uma zote mbili zikienda pamoja, krosi ni nzima, na ile nafasi aisikiayo ni ya difu. Mmoja ukitangulia na wa pili ukachelewa, hata kwa unene wa ukucha, krosi imekufa. Kisha huinua shafti juu na chini penye splaini. Aangalie pia ukingo wa vikombe: vumbi jekundu lililotoka hapo si la barabarani, ni kutu ya sindano zilizosagika. Katika nchi ambayo barabara zake nyingi ni nyekundu, jicho lisilozoea hudanganywa.

Kabla ya kufungua boliti yo yote, lazima nitaje jambo ambalo limewaponza wengi. Katika Land Rover za namna ya zamani, na katika Defender pia, breki ya mkono haishiki magurudumu. Inashika ngoma iliyo nyuma ya giaboksi, mahali propela ya nyuma inapofungwa. Ukiitoa propela hiyo, breki ya mkono inashika ngoma ambayo haikuunganishwa tena na magurudumu ya nyuma, na gari li huru kuteremka juu ya aliyelala chini yake. Kwa hiyo mawe, na mawe makubwa, mbele na nyuma ya magurudumu. Tena kazi ifanywe mahali tambarare. Waliolizoea Land Cruiser la siku hizi, ambalo breki yake ya mkono hushika magurudumu ya nyuma, husahau wapewapo Land Rover.

Hapo fundi hutia alama. Kwa rangi, au kwa pigo dogo la tindo, huweka mstari mmoja upitao kwenye uma na kwenye flenji inayofungwa nayo, upande wa mbele na upande wa nyuma, na mwingine upitao juu ya sehemu ya kuteleza. Kazi hii haimalizi dakika mbili, nayo ndiyo inayoachwa zaidi. Boliti ni nne kwa kila upande. Spana za Land Rover za zamani ni za inchi, na za Toyota ni za milimita, na spana ya jamaa moja iliyolazimishwa kwenye nati ya jamaa nyingine hulainisha pembe zake, mpaka nati ikatwe kwa tindo.

Propela ikiwa mezani, klipu zinazozuia vikombe hutolewa kwa koleo. Kisha hufuata kuvisukuma vikombe vitoke. Njia njema ni jiriwa: bomba fupi lenye upana wa kupokea kikombe huwekwa upande huu, na kipande cha chuma kilicho chembamba kuliko kikombe huwekwa upande ule, jiriwa likakazwa polepole. Njia ya nyundo nayo yatumika, kwa kuwa jiriwa si la kila mtu. Hapo hupigwa uma, si krosi, na hupigwa kwa kiasi, maana uma uliopanuka haurudi. Krosi ikitoka, usomwe mkono wake. Ikiwa pana mistari iliyochimbika kwa urefu, kila mmoja mahali pa sindano moja, hiyo ni krosi iliyopigwa mishtuko kwa muda mrefu pasipo kugeuka vya kutosha. Ikiwa imelika sawasawa na ina rangi ya samawati, ilikosa grisi ikaungua. Fundi mzuri huweza kumwambia dereva jinsi anavyoendesha kwa kutazama krosi tu, na madereva hawapendi.

Kuweka krosi mpya ni kazi ya subira. Sindano hushikwa mahali pake kwa grisi nzito. Moja tu ikianguka na kulala kitakoni mwa kikombe, kikombe hakifiki mwisho wake, na mtu mwenye haraka hukilazimisha kwa nyundo, akaivunja sindano na kuipasua krosi siku hiyo hiyo ya kwanza. Dalili ni moja: pahali pa klipu hapaonekani. Nipeli ya grisi itazame upande wa bomba, si upande wa flenji, la sivyo bomba la grisi halitaifikia gari likisha kufungwa. Klipu zikisha kukaa, uma hugongwa kidogo kwa nyundo ya shaba au ya mti ili vikombe virudi nyuma na kuegemea klipu zake. Krosi iliyowekwa vema hugeuka kwa mkono pande zote, ikiwa na uzito kidogo, wala haichezi. Grisi hupigwa mpaka itokee kwenye vikombe vyote vinne. Ikitokea kwenye vitatu, kile cha nne kina njia iliyoziba.

Yote haya ni bure kama tundu la uma limelika likawa na umbo la yai. Kikombe kitazunguka ndani yake, na krosi mpya itakufa upesi kuliko ya zamani. Hapo watu hukata kipande cha bati la kopo wakakivisha kikombe, au hupiga nukta kwa ncha ya chuma ndani ya tundu ili lishike. Sitawalaumu walio katikati ya pori kati ya Kahama na Geita jua likizama. Lakini dawa hiyo ni ya kufika, si ya kukaa nayo. Vivyo hivyo kuchomea. Bomba la propela lililopinda au kubonyea hukatwa na kuchomewa, likaonekana limenyoka. Jicho haliwezi kuona upungufu ambao mizunguko 36 kwa sekunde itauona. Kwa gari lisilotoka machimboni, liendalo polepole daima, propela ya kuchomea yaweza kuishi. Kwa gari litakaloingia barabara ya lami kwenda Mwanza au Shinyanga, ni heri kubadili propela nzima. Vile vipande vidogo vya bati vilivyochomewa juu ya bomba kiwandani visibanduliwe kwa kudhaniwa ni uchafu. Ndivyo vinavyoleta mizani.

Mwenye kununua propela iliyotoka katika gari lililokufa apime urefu kwanza. Gari likisimama juu ya magurudumu yake, sehemu ya kuteleza iwe imeingia vya kutosha, lakini ibakie nafasi ya kuingia zaidi springi zibonyeapo. Propela ndefu mno itagota na kusukuma beringi za giaboksi. Fupi mno itashika kwa ncha za splaini tu, na splaini zishikazo kwa ncha hulika mbio. Wenye kuongeza springi ili gari liwe juu zaidi huijikuta katika hali hii ya pili, kisha hushangaa.

Baada ya kuieleza kazi, nirudi kidogo kwenye majina. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930, na kamusi ya Frederick Johnson iliyotoka mwaka 1939, zilifanya kazi wakati motakaa zilipokuwa chache. Na Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, limerithi deni hilo. Mtu aweza kusema kwamba tunalo neno letu zuri, mtaimbo, kwa nini tuseme shafti? Jibu liko Geita kwenyewe. Mtaimbo ni chuma cha kuchimbulia mawe, na kila mchimbaji anao. Tena ndicho chuma ambacho fundi hukitia kati ya uma na krosi kupima mchezo. Akisema lete mtaimbo, apewe mtaimbo. Mhimili lafaa zaidi, lakini limekwisha kupewa kazi katika jiografia na katika serikali, na kulirudisha chini ya gari ni taabu. Shafti nayo haikosi lawama, kwa kuwa katika migodi mikubwa shafti ni shimo la wima la kuteremkia chini. Kwa hiyo ufupisho wa mafundi, propela peke yake, si uvivu kama wengine wanavyodhani: machimboni, ndilo neno lisiloweza kumfanya mtu atazame shimoni. Utata wa mashua hauna madhara, maana hakuna atengenezaye mashua na gari kwa spana moja.

Neno ambalo ningependa lirekebishwe ni jointi. Mafundi huliita hivyo kila kiungo: krosi ni jointi, kile kiungo cha ndani ya gurudumu la mbele ni jointi, na ncha za fito za usukani ni jointi. Kijana aliyetoka chuo cha ufundi stadi, ambaye vitabu vyake vingi ni vya Kiingereza, akiambiwa na mzee badili jointi ya mbele, ana vyuma vitatu vya kuchagua, na duka la vipuri halirudishi fedha. Hapa pana neno lililo tayari. Krosi ibaki krosi, na jointi iachiwe vile viungo vingine vilivyo ndani ya magurudumu na kwenye usukani, kila kimoja kikitajwa na mahali pake. Mafundi waangalifu wamekwisha kufanya hivyo. Kazi ya wenye kamusi ni kuandika.

Limebaki jambo moja la njiani. Propela ya nyuma ikifa mbali na mji, haifai kuiburuta. Gari la magurudumu manne laweza kuvutwa na magurudumu ya mbele peke yake: propela mbovu hufunguliwa ikawekwa nyuma ndani ya gari, kabari za magurudumu ya mbele hufungwa kama zipo, gia ya magurudumu manne huingizwa, na gari huenda taratibu bila kukanyagwa mafuta kwa nguvu. Katika Defender, ambayo daima huvutwa na magurudumu yote, sharti difu ya katikati ifungwe, la sivyo nguvu yote itapotelea upande usio na propela na gari halitasogea. Boliti na nati zake zifungwe kwenye kitambaa pamoja, kwa kuwa si za kawaida na hazipatikani vijijini. Na propela ikisha kurudishwa, gari likisha kwenda kilometa kama 50, nati zote nane zipitiwe tena kwa spana; na kila likivuka mto ambao maji yake yamefika kwenye ekseli, krosi zipigwe grisi jioni ile ile, kabla maji hayajalala ndani ya vikombe.